Mali Yangu Iko Kwao: Safari ya Kwanza Kitui na Makueni

Kila baada ya miezi mitatu huletewa taarifa ya mfuko. Juu kuna jina langu na idadi ya vipande ninavyomiliki. Chini yake majina ya kampuni ambazo meneja wa mfuko amezinunulia hisa kwa pesa zetu sisi wenye vipande: Safaricom, Equity, KCB, Benki ya Co-operative, East African Breweries, KenGen na nyingine chache. Orodha ya mfuko wa hisa wa Kenya haiwi ndefu. Soko la Hisa la Nairobi lina kampuni sitini na kidogo tu, na zile ambazo hisa zake hununulika na kuuzika kila siku bila taabu ni chache zaidi.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mzaliwa wa Mwingi. Jioni moja aliikuta karatasi ile mezani kwangu Mombasa, akaifuata kwa kidole mpaka chini.

“Wifi, mali yako yote iko kwetu,” akasema. “Hawa wananunua mtama wa mama. Hawa umeme wao unatoka mto wa kwetu. Na hawa wa simu, zunguka Kitui nzima unitafutie mtu asiyekuwa nao. Umewahi kwenda kuiona?”

Sikuwahi. Makueni nilikuwa nimeipita mara nyingi usiku ndani ya basi la Nairobi, taa za Mtito Andei na Makindu zikikimbia dirishani, bila kushuka. Kitui sikuwahi kuikanyaga kabisa. Tukakubaliana twende Februari, mavuno ya mvua za vuli yakiwa yamekwisha kuingia nyumbani na maembe bado yako mitini.

Tulishika njia ya Thika. Ukishaiacha Matuu nyuma, mashamba ya mboga yanayonyweshwa yanakwisha, na nchi inakuwa ya migunga, miamba na mito ya mchanga. Mito ile ilinishangaza mtu wa pwani. Ni mipana, myeupe, haina tone la maji juu, na katikati yake wanawake na watoto wamechimba visima vifupi wakichota kwa vikombe. Maji yako chini ya mchanga, na watu wanajua yako kina gani. Barabara inapanda na kushuka, punda wamebeba mitungi ya manjano, na kila kituo cha biashara, hata chenye maduka manne, kina kibanda kilichopakwa rangi ya kijani cha wakala wa M-Pesa, huduma ya pesa ya Safaricom. Wifi alikuwa akinionyesha kwa kidevu kila tulipokipita kimoja.

Nyumbani kwa mama yake, nje kidogo ya Mwingi, mtama ulikuwa umeanikwa juu ya turubai uani, na vijana wawili walikuwa wakiupiga kwa fimbo. Ni mtama mfupi uitwao Gadam, unaokomaa upesi na kuvumilia ukame. Kampuni ya East African Breweries huutumia kutengeneza Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyoingia sokoni mwaka 2004. Wakulima wa Kitui, Makueni na Tharaka ni miongoni mwa waliohimizwa kuupanda kwa ajili ya kiwanda. Mama alitupokea, akatuandalia muthokoi, chakula cha Wakamba cha mahindi yaliyokobolewa, na alipokwisha kuulizia habari za nyumba yote ya Mombasa, mtoto kwa mtoto, wifi akamweleza kilichonileta.

“Kwa hivyo hiyo kampuni ni yako, mwanangu?”

“Sehemu ndogo sana, Mama. Tuko wengi.”

“Basi waambie waongeze bei ya mtama.”

Alisema kwa dhati, na lilikuwa jambo la haki kuombwa. Nikamweleza ukweli wake ulivyo. Mtu akinunua hisa mwenyewe kupitia kwa dalali, jina lake huingia katika daftari la wanahisa, naye hualikwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, akauliza na kupiga kura. Mwenye vipande haalikwi. Hisa ziko chini ya mfuko, na anayepiga kura kwa niaba yetu ni meneja. Anapigaje, sijawahi kuambiwa, wala mimi sijawahi kuuliza. Mama akatikisa kichwa, akarudi kwenye mtama wake.

Lakini alinieleza jambo ambalo ndilo lililonifungua macho kuliko yote niliyoyasikia katika safari ile. Mwaka 2013 serikali iliuongeza ushuru wa bia ya keg. Bei ikapanda, walevi wa kipato cha chini wakaikimbia, mauzo yakaanguka, na kampuni ikapunguza mtama inaoununua. Huku Mwingi watu walikuwa wamekwisha kupanda, na wengine walikuwa wamevuna. Mtama ukakaa maghalani hadi ukatobolewa na wadudu. Miaka miwili baadaye ushuru ulipunguzwa tena, lakini kuna waliokuwa wamerudia mahindi, na mahindi katika ardhi ile ni bahati nasibu.

Pigo lilikuwa moja. Mwenye hisa za kampuni ile peke yake lilimuumiza. Mwenye vipande katika mfuko wa pamoja lilimgusa kidogo, kwa kuwa pesa zake zilikuwa pia katika benki, simu na umeme. Mkulima wa mtama lilimpata zima zima, maana alikuwa na zao moja, mnunuzi mmoja na mvua moja. Nimesoma mara nyingi kwamba faida ya mfuko ni kutawanya hatari. Nilikuwa nikiielewa kama hesabu. Uani kwa mama niliona watu ambao hatari yao haijatawanywa hata kidogo, na ambao ndio hasa wangefaidika kumiliki kipande cha kitu kisichotegemea mawingu ya Mwingi.

Mjomba wa wifi alikuja kutuamkia jioni. Alikuwa mtumishi wa serikali, sasa amestaafu, na anazijua hisa kuliko sisi sote. Mwaka 2006 serikali ilipouza asilimia 30 ya kampuni ya umeme ya KenGen kwa umma, alinunua kwa shilingi 11.90 kila moja. Sababu yake ilikuwa nzuri. Upande wa kaskazini kaunti ya Kitui inapakana na mto Tana, na juu ya mto huo yako mabwawa matano ya umeme, yakifuatana hivi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1988, wao wanaliita jirani. Alisema alipenda kumiliki kitu anachoweza kwenda kukiona kwa miguu.

Miezi michache baadaye hisa ile ilipita shilingi 40. Hakuuza. Ilianza kushuka, akangoja ipande tena. Mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 2. Katikati ya miaka hiyo amepokea magawio, madogo, miaka mingine hakuna. Kampuni yenyewe haikufa. Inazalisha sehemu kubwa ya umeme wa Kenya na imechimba mvuke wa ardhini Olkaria. Ila serikali bado inashikilia asilimia 70, bei ya umeme hupangwa na mdhibiti, na uchimbaji ule ulifanywa kwa mikopo ya mabilioni. Kampuni inaweza kuwa na manufaa makubwa kwa taifa, na hisa yake isimfaidie aliyeinunua ikiwa juu.

“Nilipenda bwawa,” mjomba akasema. “Sikuuliza bei.”

Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba, laiti pesa zile angezigawa kwenye kampuni kumi wakati ule, mwaka 2023 asingekuwa tajiri, lakini angelala. Nakubaliana naye, na namheshimu kwa kulisema mbele ya watoto wake.

Kutoka Mwingi tulishuka Kitui mjini kupitia Migwani na Kabati. Kitui ni mji wenye shughuli kuliko nilivyoufikiria: soko la ndengu na kunde, wauzaji wa asali, mafundi wa viondo, matawi ya benki yamekaa mlango kwa mlango. Nilisimama barabarani nikahesabu majina ya kwenye mabango, na karibu yote yalikuwa katika taarifa yangu. Ndengu inauzwa, pesa zinaingia kwenye simu, simu inakata ada yake, zinazobaki zinapelekwa kwa wakala wa benki, benki inakata yake, jioni kijana ananunua bia. Kila hatua kuna kampuni inayobakiwa na chochote, na mwisho wa mwaka mabaki hayo ndiyo faida, na faida ndiyo gawio. Watu wa Kitui wanalipa kila siku. Wanaopokea gawio ni wachache mno kati yao.

Walijaribu lakini. Ukitaja hisa Ukambani, nchi hii ya Wakamba, mtu wa umri wa makamo atakutajia Safaricom ya mwaka 2008. Serikali iliuza asilimia 25 ya kampuni, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye machafuko ya uchaguzi. Watu waliuza ng'ombe, wakakopa kwenye vyama vya akiba na mabenki, wakapanga foleni. Maombi yalikuwa zaidi ya mara nne ya hisa zilizokuwapo, kwa hiyo wengi walipewa sehemu ndogo ya walichoomba na kungoja kurudishiwa pesa zao huku riba ya mkopo ikihesabiwa. Siku ya kwanza ya biashara, Juni 9, 2008, bei ilipita shilingi 7. Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya 3. Aliyekopa alilazimika kuuza hapo chini alipe deni. Asiyekopa, aliyeziacha tu, alikuja kuiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021, kisha ikirudi chini ya 15 mwaka 2023. Kilichowaumiza wengi ni kununua kwa pesa isiyo yao, yenye tarehe ya kurudishwa.

Mwaka huohuo wa 2008 wakala mmoja mkubwa wa hisa, Nyaga Stockbrokers, aliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria baada ya kushindwa kuwalipa wateja, mwaka mmoja tu baada ya dalali mwingine, Francis Thuo, kuanguka. Sishangai kwamba neno hisa bado linaamsha wasiwasi huku.

Shangazi wa wifi, mjane anayekaa karibu na mto Kalundu, alitutolea bahasha kutoka sandukuni. Marehemu mume wake alikuwa miongoni mwa walionunua 2008. Ndani ya bahasha mlikuwa na taarifa ya akaunti ya hisa, karatasi moja tu, jina la marehemu na idadi ya hisa. Hakuwahi kumweleza mkewe. Gawio lilikuwa likipelekwa kwenye akaunti ya benki ambayo haitumiki tena. Kenya ina mamlaka maalumu ya mali za kifedha zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na magawio yasiyochukuliwa kwa muda hupelekwa huko, hata hisa zenyewe. Hazipotei, mrithi hudai kwa cheti cha kifo na hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Nilikaa naye tukaandika orodha ya karatasi zinazohitajika. Aliuliza ni pesa ngapi. Tulipopiga hesabu ya hisa zile kwa bei ya siku hiyo, pamoja na magawio ya miaka yote, alinyamaza, kisha akamwita mwanawe wa kiume aje asikie. Zilitosha kumlipia mjukuu aliyekuwa nyumbani kwa kukosa karo.

Usiku ule sikupata usingizi mapema, na sitaki kumficha msomaji nilichokuwa nikikifikiria. Mimi ni mtu ninayewaambia jamaa zangu wanunue vipande vya mfuko wa hisa. Kipimo cha hisa zote za Nairobi kilianzishwa mwaka 2008 kikiwa 100. Mwisho wa mwaka 2023, miaka kumi na sita baadaye, kilikuwa 92. Magawio hayamo katika hesabu hiyo, na ukiyajumlisha picha inakuwa afadhali, lakini miaka kumi na sita ni utoto mzima wa mtu. Kisha mwaka 2024 kipimo kikapanda kwa takriban asilimia 34 ndani ya mwaka mmoja. Aliyechoka akatoka Desemba 2023 alikosa yote.

Ndiyo maana Wakenya wengi wamekimbilia mifuko ya soko la fedha, ile inayokopesha serikali na mabenki kwa muda mfupi na kuhesabu riba kila siku. Mali ya mifuko yote ya pamoja nchini ilipita shilingi bilioni 300 mwaka 2024, na sehemu kubwa iko huko. Mifuko ya hisa ni kijisehemu tu. Siwalaumu. Pesa ya karo ya muhula ujao haina kazi kwenye hisa. Lakini mkopeshaji hulipwa riba yake na basi. Kampuni ikikua mara kumi, yeye hakui nayo. Na nilichokiona barabarani Kitui ni kampuni zinazokua kwa jasho la watu wale wale wanaoambiwa riba inawatosha.

Asubuhi tulipanda gari la Kibwezi. Barabara ya Kitui, Mutomo na Ikutha imewekwa lami, na wifi, aliyeikumbuka ikiwa vumbi jekundu, alikuwa hachoki kuisifu. Baada ya Mutomo mibuyu inaanza, minene, haina majani mengi, na nyumba zinakuwa mbalimbali. Tulivuka mto Athi, mto wenye maji kwelikweli, na ng'ambo yake ni Makueni.

Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, na nilipovuka mto nilikuwa nikiwaza juu ya jambo lililotokea Machakos mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilidai kuwa ng'ombe wa Wakamba wamezidi na wanaharibu ardhi, ikaanza kuwapunguza kwa nguvu. Ng'ombe walinadiwa kwa bei ya kutupa. Mnunuzi aliyekuwa tayari ni kiwanda cha nyama cha Liebig, kampuni ya London, kilichokuwa kimefunguliwa Athi River. Maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu uhamishoni, lakini serikali ilisalimu amri na uuzaji wa lazima ukasimamishwa.

Wenye hisa za Liebig walikuwa mbali na migunga hii, na yamkini hawakujua gawio lao linatoka kwa nani. Huku Kenya, biashara ya hisa, ambayo ilipata soko lake rasmi Nairobi mwaka 1954, ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa mpaka uhuru ulipopatikana. Kwa hiyo kizazi cha babu zake wifi kilikutana na kampuni kubwa kikiwa upande mmoja tu wa meza, upande wa anayechukuliwa mali. Huko Ulaya na Marekani mambo yalikuwa mengine. London mwaka 1868 ulianzishwa mfuko wa Foreign & Colonial kwa nia ya kumpa mwenye pesa za kadiri nafasi aliyo nayo tajiri, ya kutawanya mali yake; Boston mwaka 1924 ukazaliwa mfuko ambao mtu anaweza kuingia na kutoka siku yoyote. Kenya ilipata kanuni za mifuko ya namna hiyo mwaka 2001. Tanzania Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005, na neno vipande nimelichukua kwao. Tumechelewa, lakini mlango sasa upo, na hauulizi rangi wala ukubwa wa mfuko wa mtu.

Makindu tulishuka kula kwenye hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na mafundi wa reli, ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila malipo. Kisha tukapanda kuelekea Wote, vilima vimekatwa matuta kama ngazi, na chini ya kila mwembe makreti yamepangwa yakingoja lori.

Matuta yale yalichimbwa kwa mwethya, ushirika wa kale wa Wakamba wa kufanya kazi kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile. Kikundi cha wanawake tulichokwenda kukitembelea, ambacho dada yake wifi ni mweka hazina wake, kilizaliwa kutokana na mwethya. Mama zao walichimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga. Wao wanauza maembe pamoja, mengine kwa wafanyabiashara wa Mombasa na mengine kwa kiwanda cha kaunti cha Kalamba kilichofunguliwa mwaka 2017, na wanaweka akiba katika mfuko wa soko la fedha kwa jina la kikundi. Mweka hazina alitaka niwaeleze ule mwingine, wa hisa.

Niliongea kidogo na kuulizwa sana. Mama mmoja alianza na DECI, ule mradi wa upatu uliowateketeza waumini wengi nchini mwaka 2007, akataka kujua hii ina tofauti gani. Nikawaambia waulize nani anashika pesa. Katika mfuko uliosajiliwa, meneja huamua kinunuliwe nini, lakini mali yenyewe iko kwa benki nyingine inayoihifadhi, na mdhamini wa tatu anawaangalia wote wawili. Leseni inatolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni iko wazi. Meneja akifilisika, hisa si zake, haziuzwi kulipa madeni yake. Kwa DECI, waliopokea pesa ndio hao hao walioshika na kugawa.

“Na bei ikishuka, huyo mdhamini analipa?”

Hapana. Bei ikishuka imeshuka, na hakuna wa kuilipa. Hilo nililirudia mara ya pili kwa sababu mawakala wengi hulipita haraka.

Wakauliza ada. Nikawapa mfano wa asilimia 3 kwa mwaka: shilingi 100,000 zao zitakatwa 3,000, mwaka wa neema na mwaka wa hasara. Walinong'ona kwa Kikamba. Asilimia 3 mahali ambapo soko linaweza kulala miaka mingi ni nyingi, na nadhani mameneja wa Kenya wanapaswa kubanwa juu yake. Waliuliza kodi: gawio hukatwa asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, riba ya mfuko wa soko la fedha hukatwa 15. Wakauliza pesa hutoka baada ya muda gani, nikasema siku chache za kazi, lakini anayepanga kuzitoa baada ya msimu mmoja asiingie kabisa. Binti mmoja aliyesoma uhasibu alitaka kujua kama mfuko ule kweli umetawanywa, ikiwa Safaricom peke yake inaweza kuwa theluthi na zaidi ya thamani ya soko lote. Ni swali zuri, na jibu ni kwamba haujatawanywa vya kutosha. Kuna benki nne au tano na simu moja, na zikiugua pamoja mfuko utaugua. Bado ni afadhali kuliko bwawa moja au zao moja.

Walijadiliana wenyewe muda mrefu, mimi na wifi tumekaa pembeni tukila maembe. Wazee walitaka pesa zibaki zilipo. Vijana walitaka nusu ihamishwe mara moja. Mwishoni walikubaliana kwamba akiba ya karo na ya msiba isiguswe, na kwamba katika mauzo ya maembe ya kila msimu sehemu moja kati ya tano iende kwenye hisa, bila kukopa hata shilingi, na isiguswe kwa miaka saba. Wakaandika pia kuwa kila mwanachama ataje mrithi wake kwa maandishi, jambo nililolisukuma mimi kwa kumfikiria shangazi wa Kitui.

Kabla ya kutia sahihi fomu yoyote, mwenyekiti aliniomba niwaandikie barua kwa meneja wa mfuko. Tuliiandika pale pale juu ya kreti, kwa Kiswahili, ikiwa na maswali matatu. Ada zote kwa jumla ni shilingi ngapi kwa kila elfu. Kampuni kumi zenye pesa nyingi za mfuko ni zipi, na kwa kiasi gani. La tatu alilitoa wifi: katika mikutano mikuu ya kampuni hizo mwaka jana, mlipiga kura gani kwa niaba ya wenye vipande, na je, mliuliza lolote juu ya bei anayolipwa mkulima? Nakala moja nilitia sahihi mimi, kwa sababu mfuko ni uleule ulio na pesa zangu.